Jina Nililolifuta

Galați, 14 Novemba 2004

Kwako dada Viorica,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi mdogo wako Relu. Natumaini barua hii itakukuta huko Torino ukiwa na afya njema, na kwamba yule bibi unayemtunza ameacha kukurushia vijiko. Sisi hapa tu wazima kiasi chetu. Mama amejaza pipa la kabichi za chumvi barazani hadi mlango haufunguki. Anakusalimu, analia kidogo, kisha ananigeukia mimi na kunisuta.

Najua unataka habari za kaka yetu Doru, si za kabichi. Jicho la kushoto madaktari wamelitoa. La kulia linaona. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Mama alikwambia kwenye simu kwamba ni kazi ya Gelu, yule wa mtandao wa mtaa wa pili, na ni kweli. Nasikia shemeji Petrică anakuja Alhamisi ya tarehe 25 na wanaume wanne wamvunje Gelu miguu. Dada, kabla hawajapanda basi, nakuomba unisome hadi mwisho.

Kazi yangu ya kipuuzi unaijua. Mchezo wa kompyuta hutoka dukani na kufuli lake: diski halisi isipokuwamo, haufunguki. Sisi hulivunja hilo kufuli, tukauweka mchezo kwenye mtandao wetu, nyaya tulizozivuta wenyewe paa kwa paa, na majengo yote yakacheza bure. Polisi watuite wezi wakitaka. Kwetu sisi mwizi ni mmoja tu: anayechukua kazi ya mvunjaji mwingine, akafuta jina lake na kuandika la kwake. Huyo hasamehewi. Wengi wetu nyuso hatujuani, tunajuana kwa majina ya bandia. La kwangu ni Nisetru, yule samaki mkubwa wa mto Danube.

Oktoba ulitoka mchezo wa vifaru vya vita ambao kufuli lake liliwashinda wote. Mimi nilihangaika nalo siku kumi na moja, macho yakavimba. Halafu siku moja mchezo ukaonekana kwenye mtandao wetu, umefunguka, umetiwa saini ya Nisetru. Weee! Doru alitembea mtaani kifua mbele utadhani amezaa yeye. Gelu akaandika kila mahali kwamba ile kazi ni yake, imeibwa. Doru akamjibu kwamba wivu hauna dawa, na kwamba hata mbwa wa Gelu amemzidi akili. Akamwingiza na mama yake humo. Unamjua kaka yako akishaanza.

Jumapili iliyopita mchana, watu wakitoka kanisani, mtandao ukakatika. Doru akapanda paani kutazama, nami nikamfuata na koleo na waya. Yeye alitangulia. Mimi nilikuwa bado ngazini, mlango wa chuma uko wazi kidogo, nikawaona. Gelu na wenzake wawili, na mkasi wa kukatia vyuma. Gelu akauliza Nisetru ni yupi kati ya ndugu wa ghorofa ya nne. Doru akacheka, akasema ni yeye hapa, na kama Gelu amekuja kumbusu mkono basi apige foleni.

Walianza na magoti, kwa bomba. Alipoanguka, Gelu akamkanyaga mkono na kuusaga kwa kisigino, akimwambia aseme tu kwamba ameiba, aseme na wataondoka. Doru akamtemea damu kwenye suruali. Pigo la mwisho la bomba lilimpata usoni. Ule mlio, Viorica, siwezi kukuelezea.

Sikutoka. Koleo lilikuwa mkononi, hatua tano tu, na sikutoka. Na hata hilo silo baya kuliko yote. Gelu alikuwa anasema kweli. Aliisahau folda yake ya kazi wazi kwenye mtandao kwa saa moja, kosa ambalo kila mmoja wetu amewahi kulifanya, nami nikaingia, nikachukua, nikafuta jina lake. Kwa bomba lile atajibu mahakamani. Lakini shemeji akija kumtafuta aliyemponza Doru, mwambie asihangaike kwenda mtaa wa pili.

Jana nilikwenda hospitali nimwambie Doru mwenyewe. Akaniwahi. Alisema anataka nimwapie jambo moja tu, kwamba lile kufuli nililivunja mimi, kwa sababu jicho moja si kitu kwa ajili ya mdogo wake, ila angependa kujua halikwenda bure. Nikaapa. Akanipapasa kichwa kwa ule mkono mzima, akasema alijua, akalala usingizi.

Nisalimie shemeji, na umbusu Ilinca kwa niaba ya mjomba wake. Usiponijibu nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Relu