Mume Wangu Kawalilia Samaki, Mtoto Wetu Hakumlilia

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi kaka yangu anakuja na gari kubeba vitu vyangu na mimi mwenyewe hata sijui kama nataka kubebwa.

Mimi nauza katika duka la vitambaa, mume wangu ni fundi wa majokofu, mtu mpole, hana makuu, na baada ya kuhangaika sana mwaka jana Mungu alitujalia mtoto wa kike, lakini hakumaliza mwezi, alipandwa na homa jioni na kulipokucha tukawa hatuna mtoto. Mazishini mume wangu hakutoa hata chozi. Alisimama kama nguzo, akapokea mikono ya watu, akawa anauliza kama viti vinatosha, mpaka mama yangu mdogo akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu ana moyo kweli?" Nikamtetea, nikasema wanaume ndivyo walivyo, tena baba yake alikuwa pembeni akimwambia jikaze, na mimi mwenyewe nilishamshika mkono nikamwambia usilie, ukilia wewe mimi nitaanguka.

Basi haukupita muda akaleta tangi la samaki, kalitengeneza mwenyewe kwa vioo vya jokofu la duka lililokufa, akaliweka chumbani kwetu, kwenye kona ileile kilipokuwa kitanda cha mtoto. Niliumia, mshauri, lakini nilinyamaza. Na samaki wenyewe ungewaona! Si wale wa rangi za kupendeza, ni kambare wadogo weusi, wana ndevu hadi puani, mchana kutwa wamejificha ndani ya vipande vya bomba la udongo, hutoka gizani tu, ukiwasha taa wanakimbia, kwa hiyo chumbani pazia halifunguliwi, taa haiwashwi, nguo navaa kwa kupapasa, siku moja nilifika dukani blauzi nimeivaa nje ndani, wateja wakanicheka. Yeye kila akirudi kazini ni kuwabadilishia maji, anawatilia ya baridi kidogo ili wadhani mvua imenyesha, maana eti ndipo hutaga. Kwangu maneno yake yalikuwa hayohayo, "Taratibu na mlango, mke wangu, wasishtuke."

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani peke yangu mchana, nafanya usafi, nikaona dume mmoja tangu juzi hatoki ndani ya bomba hata usiku na chakula chake kimelala vilevile, nikajua amekufa, nikasema akioza humo chumba kizima kitanuka na wenzake watamfuata, nikaingiza mkono nikainua lile bomba. Kumbe yu hai! Alichomoka mbio, na mayai aliyokuwa anayalinda, ya rangi ya chungwa, makubwa kama punje za mtama, yakamwagika mchangani. Nilijaribu kuyarudisha kwa kijiko, yakawa yanapasuka. Mume wangu aliporudi nilimweleza yote, sikuficha. Hakunifokea. Alitazama, akakaa sakafuni na ovaroli lake la kazi, akalia, mshauri, akalia kwa sauti mpaka majirani wakasikia, mwanamume mzima mabega yanatikisika. Na mimi badala ya kumwonea huruma nilipandwa na hasira ambayo sijapata kuiona maishani, nikamwambia, "Mwanangu hukumlilia, leo unalilia mayai ya kambare! Ungekuwa baba kweli ungeanza na wako."

Alijifuta machozi palepale, akachukua mto akaenda kulala sebuleni, na hadi leo ni salamu tu. Dada yangu anasema mwanamume asiyemlilia mtoto wake hata mimi hatanililia, nirudi nyumbani nikiwa bado kijana. Mshauri, niende au nibaki?

Mke wa Mfuga Kambare

JIBU

Pole, mwanangu. Pole ya mtoto kwanza, maana naona watu walikupa pole siku ya mazishi wakakunja viti wakaenda zao. Ukishaipokea pole yangu, kaa vizuri nikuseme.

Kuinua bomba si kosa lako. Hukujua. Dume wa samaki hao akishapata mayai hali wala hatoki, anakaa humo gizani anayapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe, na mumeo alipaswa kukueleza hilo badala ya kukusumbua na habari za mlango. Hapo yeye ana lake, na ningempata ningemwambia usoni. Lakini lile neno, "ungekuwa baba kweli", ni lako wewe. Maji yakimwagika hayazoleki, na hayo umeyamwaga mwenyewe.

Unasema hakulia. Alie saa ngapi? Baba yake kamwambia jikaze, wewe ukamshika mkono ukamwambia usilie. Sikubuni, umeandika mwenyewe. Mtu wa watu akatii, akajishughulisha na viti ili wewe usianguke. Leo unamshitaki kwa kutii! Na pale kwenye kona unapoona amemfuta mtoto, mimi naona baba aliyeshindwa kuitazama ikiwa tupu. Huenda nakosea, mimi simjui. Wewe unamjua, je, umewahi kumuuliza?

Dada yako anakupenda, sikatai. Ila uchungu wa kufiwa hauachwi kwenye nyumba ya mume kama sufuria. Utaupakia kwenye gari la kaka yako pamoja na vyombo, na huko kwenu hakuna mwingine aliyembeba yule mtoto usiku wa homa.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie kaka yako leo, mwambie gari aliegeshe. Sikwambii usiondoke maisha, nakwambia ndoa haikatwi kwa hasira ya msiba. Mumeo akirudi kazini, nenda mkakae chini mbele ya hilo tangi, hata kama ni gizani, umwombe msamaha kwa neno lile, ulitaje lenyewe, usizungukezunguke. Asipojibu, usimkimbilie kwa maswali. Kaa. Na tafadhali usije ukamfariji eti samaki watataga tena, wala eti mtapata mtoto mwingine. Hayo mmeshaambiwa na watu wa kutosha. Pazia nalo mtakubaliana siku nyingine, haki yako ya kuvaa nguo ukijiona ninaitambua.

Kuna jambo moja limenikaa kooni. Barua yako ni ndefu. Nimejua rangi ya mayai, nimejua ndevu za kambare zimeota wapi, nimejua hata blauzi uliivaaje. Binti yenu aliitwa nani? Hukuandika, na nadhani humo ndani pia halitamkwi. Anza wewe. Litaje jina lake, mweleze mumeo unavyomkumbuka, kisha umwachie naye alitaje. Akilia, safari hii mwache alie.