Kidude cha Shaba Ndani ya Bahasha

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, mezani kwa Baba.
Jumatatu, 15 Juni, asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kitanda cha juu? Mgongo wako je, ule uliokuwa ukikusumbua ukikaa sana ofisini, umepona au umeuzoea tu? Nijibu yote, usiruke hata moja, maana Mama ataniuliza mara mbili mbili umesema nini juu ya mgongo.

Sisi huku tu wazima. Nimeliandika neno hilo nikalisoma tena, kwa sababu wiki mbili zilizopita nusura lisiwe la kweli. Mama yuko nyuma yangu hapa, kitandani, anakunja nguo kwa kupapasa. Jicho la kushoto sasa linaona mwanga tu, na la kulia linamfuata mwenzake. Daktari wa macho amempangia upasuaji Alhamisi hii. Tukiikosa siku hiyo, nafasi nyingine ni baada ya miezi minane, na daktari amesema wazi kwamba kwa miezi minane jicho la kulia nalo litakuwa limekwenda.

Hospitali iko upande wa pili wa mlima, unaikumbuka barabara yake. Na Mama amekataa kupanda gari mpaka barua hii iandikwe, isomwe mbele yake, na itiwe kwenye bahasha. Nilimwambia simu ni dakika moja tu. Akasema kwenye simu mimi ni hodari wa kupita pembeni. Kwa hiyo leo nimeomba ruhusa kazini, ninaandika huku namsomea. Vumilia, na ukae chini kabla hujaendelea.

Mama alikudanganya. Alikuambia kwamba tulichelewa kwenye vipimo kwa sababu ya pancha. Haikuwa pancha. Alidanganya kwa ajili yangu, na hajanisamehe kwa kumfikisha huko.

Siku tuliyomzika Baba ulinishika bega pale karibu na gari lake, ukaniomba kitu kimoja: nilitunze, nilioshe, niliendeshe, ila presha ya turbo nisiiguse. Nikasema sawa, na nilisema kwa moyo mweupe. Tena nilikucheka kimoyomoyo, maana nani asiyejua kwamba ni wewe, ukiwa na miaka ishirini, uliyekata egzosi ya gari hilohilo kwa msumeno wa chuma ili lingurume, Baba akanuna hadi mvua zikaisha?

Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu mwema. Nilibadilisha mipira ya turbo iliyokuwa imepasuka, nikazibua radieta, nikasaka hewa inayovuja kwa maji ya sabuni mpaka mluzi wa turbo ukarudi safi. Unajua kazi yangu: nashinda nimeinamia meno ya bandia, nakwangua kitu chembamba kuliko ukucha, na mwenye kinywa chake bado atarudi kulalamika. Kushika spana kubwa jioni kulikuwa mapumziko. Nakiri bila aibu, nalipenda gari lile. Limenipita umri kwa miaka miwili, na bado ukikanyaga mafuta linakaa kimya kidogo, linavuta pumzi, halafu linakusukuma mgongoni. Ule ukimya ndio ulioniponza. Nilitaka kujua kitakachokuja baada yake presha ikiongezwa kidogo tu.

Kidogo tu, ndivyo nilivyojiambia. Nikanunua kidude cha shaba, urefu wa kidole gumba, chenye skrubu kichwani. Unakifunga kwenye ule mpira mwembamba wa turbo, ukikaza skrubu presha inapanda na gari linapata nguvu zaidi. Nikaagiza na geji ya kuisoma presha hiyo. Kishikio cha geji nilikitengeneza kazini, kwa ile plastiki ya waridi tunayofinyangia fizi, kwa hiyo ukifungua mlango unakuta geji kwenye dashibodi imeshikwa na ufizi. Cheka sasa, maana mbele hakuna pa kuchekea sana.

Fundi wetu, yule tuliyempa jina la Bwana Taratibu, alikuja kuazima jeki akachungulia chini ya boneti. Kidude hakukiona, nilikuwa nimekifunika kwa kitambaa. Alichokiona ni kikopo cha mafuta ya breki.

"Dada, haya yamekuwa meusi. Na pedi zako za mbele zimebaki karatasi. Breki kwanza, mengine taratibu."

Nikamjibu wiki ijayo. Jumamosi ile nilikuwa na saa tatu tu za nafasi, na geji ilikuwa imefika. Ningeweza kufanya breki. Nikafunga geji.

Mama ameniambia niisome sentensi hiyo mara ya pili. Nimemwambia barua haisomwi mara mbili na mwandishi, ataisoma mwenyewe Kaka. Basi isome mara ya pili.

Jumanne ya vipimo tukaondoka asubuhi. Mama mbele, mkoba mapajani, mkanda amefunga. Kupanda mlima kulikuwa raha tupu, sikufichi. Malori ambayo enzi za Baba tulikuwa tunayafuata nusu saa nzima niliyapita moja baada ya jingine. Kileleni sikupunguza. Tukaanza kushuka, na kila nilipopata kipande kilichonyooka nilikanyaga mafuta, na kila kona ikanikuta na mwendo ambao breki zile hazijawahi kuuona. Nikawa nakanyaga, naachia, nakanyaga tena. Kona ya nne Mama akasema, "Kuna kitu kinaungua." Nikamwambia ni lori la mbele yetu. Mbele yetu hapakuwa na lori.

Kona ya sita pedali ikazama. Haikugoma wala haikupiga kelele, ilikwenda chini hadi kwenye zulia kana kwamba nimekanyaga sifongo. Baadaye Bwana Taratibu alinieleza jambo nililokuwa nalijua tangu zamani: mafuta mazee yalikuwa yamenyonya maji, yakachemka, pedali ikabaki inasukuma mvuke. Wakati ule sikuwaza mvuke. Niliwaza kwamba kulia ni mwamba, kushoto ni bonde, na Mama haoni hata kimoja.

Nikashusha gia hadi ya tatu, injini ikapiga ukelele. Nikapampu pedali, ikanipa kidogo, ikaninyima. Gia ya pili. Nikavuta breki ya mkono pole pole na mkia wa gari ukayumba. Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Ningefurahi kama angepiga kelele.

Kona ya mwisho ikafunguka, na mbele kulikuwa na matengenezo ya barabara. Foleni ya magari imesimama, na mwanamke wa koti la njano ameshika kibao cha SIMAMA. Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, rundo la kokoto pembeni ya barabara. Nikaelekeza pua ya gari humo. Likapanda rundo, kokoto zikanyesha kwenye kioo, likasimama limeinama upande.

Mwanamke wa kibao akaja mbio. "We dada, kibao hukukiona?"

"Nimekiona. Breki ndizo hazikukiona."

Sijui nilipata wapi ulimi wa kusema hivyo. Alichungulia ndani, akamwona Mama, akashusha kibao chake. "Wenzangu walikuwa wamekaa juu ya hilo rundo wanakula," akasema. "Wameondoka sasa hivi. Sasa hivi tu."

Nimerudia maneno ya mwanamke yule kila siku tangu wakati huo, nikipiga mswaki, nikiwa kazini, nikiwa kwenye foleni ya maji. Sasa hivi tu. Nayaandika hapa ili nawe uyabebe kidogo, maana peke yangu yamenishinda.

Halafu sikuzima injini. Mkono ulifika kwenye ufunguo ukasita wenyewe, kwa ile sheria ya Baba: turbo ina moto, ukizima ghafla oili inaungulia ndani, iache ipumue dakika mbili. Turbo wala haikuwa na moto wa kutisha, tulikuwa tunashuka. Yalikuwa mazoea tu. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa wote garini hapo getini, tumefika lakini hatushuki? Mambo makubwa ya nyumba hii yalisemwa humo. Wewe mwenyewe ulimwambia Baba kwamba unahama ndani ya dakika mbili hizo, na akakujibu injini ilipozimwa.

Mama naye hakushuka. Akauliza, "Zimebaki ngapi?"

Nikasema moja na nusu.

Akasema, "Mluzi wa turbo umebadilika tangu mwezi uliopita. Macho yangu ndiyo mabovu, siyo masikio. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Nililia, nililia huku nahesabu. Dakika zilipotimia akasema, "Sasa zima," na hakuniambia neno jingine siku nzima. Dereva wa lori la kokoto ndiye aliyetufikisha hospitali. Jioni ulipopiga simu, nikamsikia akikuambia habari ya pancha, nikaingia jikoni nikafungua bomba ili nisisikie.

Bwana Taratibu alipokuja kulitoa gari hakunigombeza. Aliweka pedi zangu kuukuu kwenye kiganja changu, akakifumba kwa vidole vyake, akaenda kufungua magurudumu. Tumebadilisha pedi, diski, mipira na mafuta yote ya breki. Tumeshuka ule mlima mara tatu, mimi na yeye, bila Mama. Anadai mara ya kwanza alifumba macho. Mara ya tatu alilala usingizi, na hiyo kwangu ni cheti.

Nikamleta Mama uani, gari likiwa juu ya stendi, nikamshika mkono apapase diski moja moja.

"Hizi mpya," akasema. "Na kile kingine?"

Nikamwambia nimekilegeza hadi mwisho.

"Kulegeza siyo kutoa."

Jirani mwenye gari alijitolea kumpeleka Alhamisi. Nikamsihi akubali, maana jicho ni jicho, hasira zake atazimalizia akirudi. Unajua alichosema? "Gari nalijua. Dereva ndiye simjui. Nikienda na jirani nitarudi naona, halafu nitaona nini? Mtoto anayenificha mambo." Tangu hapo nimebaki nahesabu siku, na yeye anakunja nguo zilezile, bila papara, kama mtu aliyepangiwa upasuaji mwakani.

Kwa hiyo nimekitoa. Gari limerudi kuwa la Baba, linapanda mlima nyuma ya malori kwa adabu zote. Naumia, na ukisema ninastahili sitabisha. Nilijaribu kukitupa mara mbili. Mara ya kwanza nilikiokota kwenye pipa kabla sijafika mlangoni. Mara ya pili nilikitupa kwa jirani, nikaenda kubisha hodi kwake nikidai pete yangu imeangukia bustanini. Mimi wa kuvaa pete! Ndipo nilipojijua.

Kitakuwa humu ndani ya bahasha, nimekizungushia pamba. Kaa nacho wewe. Nikikuandikia kukiomba, hata nikileta sababu nzuri kiasi gani, hata nikilia, usinitumie. Ghadhibika upendavyo, una haki. Ila ukipiga simu, mgombeze aliyevunja ahadi, usimguse Mama. Yeye anasema niongeze kwamba uongo wa pancha anakuomba radhi mwenyewe, ni neno la kwanza lililomjia, na kwamba bado anasubiri habari za mgongo.

Msalimie sana wifi. Wape mapacha busu moja moja kutoka kwa shangazi yao, wasigombee. Mjomba fundi saa anakusalimu na anasema ile saa uliyomwachia imepona tangu mwaka juzi. Bwana Taratibu naye anakusalimu, taratibu. Mungu akufunike na hao wako, awafikishe salama kila mnakokwenda, na Alhamisi amwongoze yule daktari mkono. Utuombee.

Wako akupendaye, hata leo ambapo hana uso wa kukutazama,
mdogo wako,
Bisibisi.

Nimeongeza haya kabla ya kulamba bahasha. Nimemaliza kumsomea Mama kuanzia mwanzo, na ile sentensi ya geji nimeisoma mara mbili. Mama akanyoosha mkono, nikampa bahasha. Akaipapasa pembe kwa pembe mpaka vidole vikakipata kidude ndani ya pamba, akakibana, akakigeuza, akahakikisha skrubu ipo. Halafu akanirudishia, akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu.

"Haya," akasema. "Kalipashe gari moto, tuipeleke posta."