Mashini ya Kimo cha Baba

Kasongo, Jumanne

Ile fupi, basi. Nimeshamwambia mfanyabiashara aniletee ile fupi.

Alinitumia picha za mashini mbili za kulainisha mbao. Kila moja ina nguzo ndogo iliyovikwa msasa, inazunguka huku ikipanda na kushuka, inaingia sehemu za kiti zilizopinda ambako randa haifiki. Ndefu inasimama chini yenyewe na ina nguvu zaidi. Ndiyo niliyoitaka.

Kazi hiyo ni ya Baba. Tangu nizaliwe, mapindo ya viti analainisha yeye, kwa mkono. Lakini mikono inatetemeka sasa, na wateja wameanza kurudisha viti. Siku hizi nangoja aende musikitini alasiri, ndipo narudia kazi yake haraka haraka, asijue.

Leo nilikaa naye nimwambie polepole kwamba mashini inakuja kumpumzisha. Nikamwonyesha picha kwanza. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaangalia sana.

"Kamata ile mufupi," akasema. "Ile murefu nitaifikia namna gani? Mimi nafanyaka kazi nikiwa nimekaa."

Nikajibu ndiyo, Baba. Nikachukua simu, nikamwandikia mfanyabiashara. Mikono ile, karibu na kitu kinachozunguka vile...

Jioni, nikifunga atelie yetu ya viti, sikukiona kiti chake pale mlangoni kinapokaa siku zote. Alikuwa amekipeleka pembeni, karibu na waya wa jenereta, na mbele yake amefagia nafasi ya mashini.