Greda Inayokuja Nyumbani Kwako

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, pamoja na Baba yetu unayemtunza. Goti lake limepata nafuu? Bado anashinda pale mlangoni, haongei na mtu? Mimi ni mzima, ila mikono imejaa grisi na moyo umejaa furaha mbaya. Ngoja nikueleze.

Unamkumbuka Kidole, yule msimamizi aliyemfukuza Baba kazini kwa kudai ameua injini ya greda? Jumatatu aliingia gereji kwangu kwa miguu yake mwenyewe. Hakunijua hata kidogo, maana enzi zile mimi nilikuwa bado nasoma. Akasema ana greda kuukuu, inamisi, yaani mlio unakatikakatika, na kutoa moshi mweupe, mafundi wameshindwa, naye amepata kazi ya barabara. Nilipotoka nje kuiona, niliizunguka mara mbili. Ni ileile aliyokuwa akiiendesha Baba! Kiti bado kina kiraka alichokishona Mama.

Nikajikaza, nikaiwasha. Nikalegeza nati za paipu za dizeli moja moja, kama Baba alivyonifundisha: ukilegeza ya silinda nzima, mlio unazidi kuharibika, ukilegeza ya silinda mbovu, mlio haubadiliki. Ya kwanza injini ikalalamika, ya pili vilevile. Ya tatu, wala haikujali. Si ndiyo hiyohiyo Baba aliyoitaja kwa kusikiliza mlio tu, siku moja baada ya Kidole kufunga nozeli yake, ile inayopulizia dizeli ndani ya silinda, kwa haraka zake? Na si ndipo alipochekwa mbele ya wenzake, akaambiwa masikio yamezeeka?

Nikaichomoa nozeli. Chini yake, badala ya washa moja, kile kipete chembamba cha shaba, zilikuwa mbili zimebebana, kwa hiyo nozeli ilikaa juu kupita kiasi na dizeli haikuungua vizuri. Miaka yote hii Baba amebeba aibu isiyo yake.

Nikamwuliza Kidole, taratibu tu, mashine iliharibikaje. Akacheka.

"Kulikuwa na dereva mmoja kiziwi," akasema. "Huyo ndiye aliyeiua."

Kiziwi, dada! Nilikamata spana mpaka vidole vikauma.

Sasa nikuungamie, na usinigombeze. Kidole alipokwenda kula, niliitoa washa ya ziada nikaiwasha greda. Ilinguruma safi kama zamani, nami nikalia. Kisha nikazima, nikairudisha ile washa palepale. Aliporudi nikamwambia ugonjwa huu umenishinda, lakini yuko mzee mmoja anayeutibu kwa kusikiliza tu, nikamwelekeza kwako. Hajui ni nani.

Atakuja Jumamosi asubuhi, akiiendesha mwenyewe. Usimwambie Baba lolote. Waite majirani, na shemeji asimpe yule bwana kiti. Baba asiguse spana mpaka Kidole atamke kwa mdomo wake, watu wakisikia, nani aliyefunga nozeli ile. Akikataa, aondoke nayo hivyohivyo inavyomisi, na kazi ya barabara impite. Sitamwonea huruma hata chembe.

Wasalimie wote, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Ukinijibu, niambie jambo moja tu: greda ilipokuwa bado nyuma ya kona, haijaonekana, yule kiziwi alisema ni silinda ya ngapi?

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa Baba