Oili Ambayo Baba Hakuisahau

Jumanne, 4 Machi
Baba mkwe kaleta baiskeli yake ya injini karakanani. Haipandi kilima, anasema. Inakoroma tu na kutoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Nikafungua plagi: nyeusi tititi. Hewa haipiti. Nikatoa sponji ya chujio la hewa niioshe kwa petroli – ikamegeka mkononi kama mkate uliolowa! Kuukuu mno. Nyingine sina. Nikarudisha kifuniko kitupu, nikasema moyoni nitaagiza kesho.

Nikawasha. Lo! Injini ikaimba. Baba akapiga raundi mbili uwanjani, akarudi meno yote nje. Akawatangazia mafundi wote kwamba mkwe wake ana mkono wa dawa. Sifa tamu jamani.

Alhamisi, 6 Machi
Sponji sijaagiza. Baba kapanda kilima bila kukanyaga pedali hata mara moja, kafika kwa rafiki yake asiyeona, kamsomea gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, karudi. Mezani hakuna habari nyingine. Hata wifi yangu – yule aliyesema siku naolewa kwamba mke mwenye grisi kwenye kucha ni mkosi – leo kaniomba nimtazamie pampu yake ya maji.

Ninajua. Bila chujio hewa inaizidi petroli, injini inachemka. Na barabara yote ni vumbi. Angalau ningeshusha kibanio cha sindano ya kabureta ngazi moja ili petroli iongezeke. Dakika kumi tu. Lakini ule wepesi ungepungua, na sifa nazo zingepungua. Wiki ijayo, basi.

Jumatano, 12 Machi
Injini imenoki. Pistoni imegandana na silinda katikati ya mteremko, gurudumu la nyuma likakwama, Baba akarushwa. Mkono wa kulia umevunjika. Uso umechubuka upande mzima. Miaka sabini na miwili!

Alipotolewa hospitali akiwa na plasta, neno lake la kwanza kwangu: "Nisamehe mwanangu, nimekuharibia kazi yako."



Alhamisi, 13 Machi
Nimeifungua. Plagi nyeupe kama chaki, dalili ya hewa kuzidi. Pistoni ina michirizi kana kwamba paka kainolea kucha. Mdomoni mwa kabureta vumbi limechanganyika na mafuta, tope kabisa. Hakuna cha kuuliza. Ni mimi.

Halafu nikafanya jambo ambalo hata hapa naona haya kuliandika. Nikaenda dukani, nikanunua sponji mpya, nikaipachika. Tope lote nikalipangusa. Kugeuka – mchomeaji vyuma kasimama nyuma yangu, miwani juu ya paji la uso. Chujio jipya kwenye injini iliyokufa? akasema. Huko ni kumvisha maiti viatu. Akacheka mwenyewe, akarudi kwenye geti alilokuwa akilichomea.

Nyumbani mume wangu akauliza imekuwaje. Nikausikia mdomo wangu ukisema: "Inaonekana petroli haikutiwa oili."

Injini hii oili yake huchanganywa kwenye petroli; ikikosekana, pistoni hugandana vile vile. Na anayechanganya ni Baba. Peke yake, kila mara, kwa mkono wake. Alikuwa kwenye kiti pale pale, mkono umening'inia shingoni. Akafikiri sana. "Mbona naona kama nilitia?" Kisha, polepole: "Basi labda nilisahau."

Hakuna aliyembishia. Nami sikumbishia.

Jumanne, 18 Machi
Huyu ni mtu aliyetunza stoo ya kiwanda miaka thelathini na mmoja. Kila bolti aliijua na rafu yake, bila daftari! Leo kaniuliza mara tatu kama amefunga bomba. Kabandika karatasi mlangoni, kaiandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama walevi: FUNGUO. MIWANI. JIKO.

Wifi anasema ni umri, hata shangazi alianza hivi hivi. Mume wangu kaficha viberiti. Baba kaviona vilipofichwa, akajifanya hakuona.

Dawa ya yote haya ninayo mimi. Sentensi moja tu. Mtu anaweza kufungua injini nzima akaifunga tena gizani, lakini sentensi moja – hawezi!

Jumamosi, 22 Machi
Nilikaribia. Nilimpelekea chai, tuko wawili tu. Nikaanza: "Baba, ile injini..." Akanikatiza. "Usinibembeleze, mwanangu. Wewe uliniambia ukweli. Wenzako wananizunguka tu, wanadhani sioni." Akanishika mkono, akauminya.

Nikaenda kujifungia bafuni kama mwizi wa kuku. Si huruma ile, hapana. Aibu tupu. Inachoma masikio.

Rafiki yake asiyeona katuma mtu kuuliza kama wamegombana. Baba kajibu mwambieni mimi siku hizi ninachanganya mistari. Hajajaribu hata kusoma mstari mmoja.

Jumatatu, 31 Machi
Kliniki. Mpango wa wifi. Daktari akithibitisha ugonjwa wa kusahau, Baba anahamia kwa wifi, chumba cha nyuma, na funguo atakaa nazo yeye. Kwa ajili ya usalama, anasema. Machozi yalimlengalenga, siwezi kusema hampendi baba yake.

Njia nzima Baba alikuwa akifanya mazoezi. Leo Jumatatu. Mwezi wa tatu, tarehe ya mwisho. Majina ya wajukuu, wote, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo: "Oili vifuniko viwili kwa lita moja ya petroli." Akanitazama kuona kama amepata. Amepata. Nikatazama dirishani.

Daktari ni mama mmoja mtaratibu, haandiki kabla hajasikiliza. Akauliza kusahau kulianza lini. Wifi akadakia: tarehe kumi na mbili, aliposahau kutia oili kwenye petroli, akaanguka. Na kabla ya hapo? akauliza daktari. Mume wangu akakuna kichwa. Kabla ya hapo... hapana, akasema, kabla ya hapo hakuna.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mna hakika gani kwamba alisahau?"

Baba akageuka kwangu. "Muulize mkwe wangu. Yeye ndiye aliyeifungua injini. Huyu hana uongo."

Nikaomba kwenda msalani. Msalani! Mtu mzima na ufundi wangu! Sikufika hata huko. Naandika nimeegemea ukuta wa korido, daftari juu ya mkoba. Dakika tano sasa, au kumi. Muuguzi kaniuliza kama ninaumwa. Nimesema nangoja tu.

Mlango wameuacha nusu wazi. Wifi anasema jamani tuendelee. Daktari anasema hapana, tumsubiri. Mume wangu ananiita, mara ya pili hii.

Naja, nimejibu. Naja.

Kutoka hapa namwona Baba. Anavuta kiti changu kwa ule mkono mmoja, anakisogeza karibu na chake.