Mahindi ya Juu ya Mafiga

Kwako mama yangu, uliyelala nyuma ya migomba,

Mvua za kwanza zimenyesha hapa Kasulu. Majirani wote wako shambani. Mimi nimekaa jikoni kwako, natazama kamba tupu juu ya mafiga, sina cha kupanda.

Unakumbuka nilipokuwa kidato cha kwanza, mwalimu akatuambia tueleze tofauti ya maneno mawili ya Kiingereza, seed na grain? Kamusi ilisema moja ni mbegu, jingine ni nafaka, basi. Nikakuuliza wewe, ambaye Kiingereza hukukisoma hata siku moja. Ulicheka mpaka ukashika kiuno.

"Mwana wanje, mwanangu wee, hayo yote ni mahindi yale yale. Ukilinyima tumbo, ni imbuto, mbegu ya kupanda. Ukilihurumia, ni ugali."

Nikaandika vivyo hivyo. Mwalimu akanipa vema kubwa, nawe ukamwonyesha daftari kila aliyekuja kuomba moto.

Na kweli tumbo ulilinyima. Mwaka ule wa njaa tulikula majani ya maharage huku mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya vichwa vyetu, meusi kwa moshi. Nililia, nikakuita mchoyo. Ukasema tu, "Bibi yako aliyavusha kutoka Burundi kayafunga kwenye pindo la kitenge, ana njaa kuliko wewe."

Sasa nisikilize, maana pale kaburini nimeshindwa kulisema. Siku ya tatu ya msiba wako unga uliisha, na watu bado wanamiminika. Mama mmoja wa jikoni akaniuliza, "Tupike nini, binti?" Akili haikuwepo, mama. Nikanyoosha kidole juu. Wakayashusha yote, wakayapukuchua, wakapika makande.

Nimekwenda hadi Kitanga kwa mama mdogo kuomba hata kiganja kimoja. Akaniambia, "Sisi sote kila msimu mbegu tulichukua kwa dada, hatukuweka zetu." Ya dukani ipo, lakini ukirudia kupanda uliyovuna, mwaka wa pili inakugeuka. Lo! Njaa zote mlizishinda, wewe na bibi. Mimi nikashindwa na siku tatu.

Sina la kujitetea. Nisamehe, kama huko kuna kusamehe. Mimi mwenyewe sijaweza. Na kuna hili la mwisho. Waliniletea sahani ya makande yale, nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu ufariki. Nilikula, mama. Nikaomba tena.

Ni mimi, kitindamimba wako.