Alama Uliyoniambia Niiache

Baba Ghati,

Shikamoo. Najua huitikii. Nakuamkia hivyo hivyo, maana siku ya kwanza sikukuamkia. Nilikuwa nimetoka Nkende na daftari jipya la chuo cha uandishi, na nyumbani nilikuwa nimefundishwa kwamba muturi, mhunzi, haamkiwi wala hapewi mkono. Ukacheka tu. "Mwandishi, kaa hapo, angalia cheche zisikuunguze."

Niliandika yote. Kwamba kijiji cha ujamaa kilikupa kiwanja cha mwisho kabisa, nyuma ya choo cha shule. Kwamba kwenye pombe wenzako walinyonya kwa mirija kutoka chungu kimoja, wewe ukamiminiwa kibuyu chako pembeni. Na majembe yao yote uliyafua wewe! Mkutanoni walikuita ndugu.

Halafu ukanionyesha ile mikato mitatu midogo ndani ya tundu la mkuki, pale mpini unapoingia, mahali ambapo mtu haoni. Ukasema, "Mengine andika. Hii iache. Hii ni yangu mimi na chuma."

Niliiandika, Baba Ghati. Tena ndiyo niliyoanza nayo. Mwalimu wangu chuoni akanisifu, gazeti la chuo likaichapa, na mimi kwa kiherehere changu nikatuma nakala kwa darasa la kisomo cha watu wazima kijijini kwenu. Nilitaka wakusome. Walikusoma kweli.

Wiki ile ile wezi wa ng'ombe wakavamia, wakaua mchungaji, wakaacha mkuki kifuani mwake. Mtu mmoja pale kijijini akakumbuka gazeti. Wanakijiji wakang'oa mpini, wakaona mikato mitatu, wakasema u pamoja na wezi. Walikujia asubuhi, jua limeshatoka, watu unaowajua kwa majina. Mwanao Ghati amenieleza. Rungu la kwanza lilivunja taya, kwa hiyo hukuweza hata kujitetea. Wakakuponda vidole kwa nyundo yako mwenyewe. Wakachoma mivukuto moto, wakakutia mkuki tumboni, kisha wakaenda zao shamba la kijiji. Shamba! Na majembe yako mabegani.

Hakuna aliyekuja kuchimba kaburi. Tulichimba mimi na mwanao mpaka viganja vikatoka damu. Nilijichukia, na bado najichukia.

Juzi nilisimama mkutanoni. Nikasema aliyeianika siri yako ni mimi, kama ni kupiga wanipige mimi. Kisha nikawaambia wang'oe mipini ya mikuki yao wenyewe. Mzee mmoja akang'oa, akachungulia, akakaa chini. Akafuata wa pili, na wa tatu. Ulikuwa umewafulia karibu wote. Mwisho Ghati akafungua gunia, akautoa ule uliokuua, akang'oa mpini mbele yao. Mikato mitatu.

Hakuna aliyeomba radhi. Polisi wamechukua wawili. Waliobaki wananipita njiani kimya, sasa asiyeamkiwa ni mimi. Sawa tu, nimestahili.

Habari yako nimeiandika upya, na majina ya waliokuua yamo. Kabla ya kuituma nilimsomea Ghati, neno kwa neno. Akaniambia kuna jambo moja nilitoe. Nimelitoa, wala sikumwuliza kwa nini.

Lala, Baba Ghati. Nitaendelea kuandika. Lakini nikiambiwa hii iache, nitaiacha.

Bhoke